Sarafu ni ile ile: moja imeuzwa dola milioni 18.9, kumi zimechukuliwa bure. Kwanini?

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za saa hizi. Nimesoma kwamba Marekani kuna sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa mnadani dola milioni 18.9, alafu nikasoma tena kuna familia ilikuta kumi za aina hiyo hiyo kwenye sanduku la benki, serikali ikabeba zote na haikuwalipa hata senti. Mbona kama uonevu? Mtu akikaa na kitu miaka 70 si kinakuwa chake? Na kuna jamaa ananiuzia ya dola 10 ya mwaka huo huo 1933, je na hiyo watanijia?"

Nzuri ndugu yangu. Umeuliza matatu lakini kitasa ni kimoja, na ufunguo wake hauko kwa jaji wala kwa hiyo familia, uko kwenye dirisha la keshia wa kiwanda cha sarafu cha serikali kule Philadelphia mwaka 1933. Ukielewa kilichopita kwenye hilo dirisha na kisichopita, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuanze na kitu chenyewe maana watu wanabishana kuhusu hii sarafu hawajawahi hata kushika ndugu zake. Mimi nimeshika za miaka mingine, za 1924, 1927, ni sarafu nzito, gramu 33.4, upana wake milimita 34, dhahabu asilimia 90 na iliyobaki shaba ili isichakae haraka. Upande mmoja kuna mwanamke anakuja mbele yako, mwenge mkono wa kulia, tawi la mzeituni kushoto, jua linachomoza nyuma yake. Upande wa pili tai anaruka. Aliyeichora ni mchongaji Augustus Saint-Gaudens, akafariki 1907 mwaka huo huo ilipotoka. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa chini kulia, karibu na mguu wa huyo mama, tarakimu nne ndogo sana. Sasa ukiwa na ya 1927 hapo mezani na ya 1933 pembeni yake, dhahabu ni ile ile, uzito ule ule, sura ile ile. Tofauti ni hizo tarakimu mbili za mwisho. Moja unaiuza kesho asubuhi kwa dalali yeyote, nyingine wanakuja watu wa serikali.

Kilichotokea ni kwamba mwezi wa 3 mwaka 1933 rais mpya wa Marekani, Roosevelt, anaingia madarakani anakuta mabenki yanaanguka, watu wamepanga foleni wanatoa dhahabu wanaificha nyumbani. Tarehe 6 mwezi wa 3 akafunga mabenki na akazuia dhahabu isilipwe nje. Tarehe 5 mwezi wa 4 akatoa amri ile maarufu namba 6102, kwamba kila mtu apeleke dhahabu yake benki kuu kabla ya tarehe 1 mwezi wa 5, alipwe pesa ya karatasi kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi. Mtu aliruhusiwa kubaki na ya dola 100, na sarafu ambazo wakusanyaji walishazijua kuwa ni adimu ziliachwa. Sasa kichekesho, wakati yote hayo yanaendelea, kiwanda cha Philadelphia hakikuambiwa kizime mashine. Kikaendelea kugonga dola 20 zenye tarehe 1933, jumla zikafika 445,500, za kwenda wapi hakuna anayejua kwa sababu dhahabu imeshazuiwa. Zikawekwa kwenye stoo. Mbili zikapelekwa makumbusho ya Smithsonian, zilizobaki ikaamriwa ziyeyushwe, na kufikia 1937 kazi ya kuyeyusha ilikuwa imeisha.

Kwenye vitabu vya kiwanda, hakuna hata moja iliyotoka kwa keshia kwenda kwa raia. Hakuna. Hapo ndipo mgogoro wote ulipokaa.

Sasa nikupe sheria kidogo, usiniache hapa maana hapa ndipo penyewe. Kanuni ya kawaida ni kwamba huwezi kumpa mtu kitu ambacho si chako. Mwizi akiiba saa yako akaniuzia mimi, mimi nikamuuzia mwingine, huyo akamzawadia mkwewe, saa bado ni yako, hata kama wote tulionunua njiani tulikuwa watu safi kabisa. Lakini pesa ina kanuni yake. Mwizi akikuibia noti akanunulia mkate, wewe huwezi kwenda kumpokonya muuza mkate ile noti, kwa sababu biashara yote ya dunia ingesimama kama kila anayepokea pesa angetakiwa aulize imetoka wapi. Waingereza walishaliamua hilo toka 1758 kwenye kesi ya noti iliyoibwa njiani kwenye barua.

Alafu ikaja kesi ambayo mimi huwa naipenda sana, ya 1899, Uingereza hapo hapo. Kuna sarafu ya dhahabu ya pauni 5, si ya kutumia kila siku, ni ya kuweka. Ikaibiwa. Mwizi akaipeleka duka la vitu vya kale, mwenye duka akampa sovereign tano, yaani pauni 5 kamili, thamani ile ile iliyoandikwa. Mwenye sarafu akaja kuidai, mwenye duka akajitetea hii ni pesa bwana, na pesa haidaiwi. Mahakama ikasema hapana, wewe hukuipokea kama pesa, uliinunua kama pambo, kwa hiyo kwako ni bidhaa, irudi kwa mwenyewe. Umeona hiyo? Chuma kile kile kinaweza kuwa pesa asubuhi na bidhaa mchana, inategemea kimepitaje mkononi.

Sasa rudi Philadelphia. Sarafu ikitoka kihalali kwa keshia, mtu kaleta thamani yake akapewa sarafu, imekuwa pesa, na kuanzia hapo serikali haina chake tena. Ikitoka kwa mlango wa nyuma haijawahi kuwa pesa hata sekunde moja. Ni kipande cha dhahabu ya serikali chenye picha nzuri, basi. Na kama ni mali ya serikali iliyoibwa, kanuni ya saa yako inarudi: hata ipite mikono 10 safi, bado ni ya serikali.

Na kweli kuna zilizotoka. Mwanzoni mwa 1944 moja ilitangazwa kwenye mnada New York, mwandishi mmoja wa habari wa safu ya sarafu akauliza kiwandani hivi hizi zilitolewa ngapi, wakafungua vitabu, wakakuta sifuri. Ndipo wakaitwa Secret Service, wale wanaomlinda rais, ila kazi iliyowazaa mwaka 1865 ni kukamata wanaoghushi pesa. Wakafuata nyayo mpaka kwa sonara wa Philadelphia anaitwa Israel Switt. Akakiri ameuza tisa. Ametoa wapi? Ati hakumbuki. Wachunguzi walimshuku keshia George McCann, lakini muda wa kushtaki ulishapita, hakuna aliyefungwa kwa hizi sarafu mpaka leo. Zile zilizokuwa kwa wakusanyaji wakazipokonya moja moja, wengi walisalimisha wenyewe, mmoja wa Tennessee akagoma wakaenda mahakamani, 1947 akashindwa, pamoja na kwamba alinunua kwa hela yake na kwa nia njema. Zote zilizopatikana zikayeyushwa.

Isipokuwa moja.

Hiyo moja ilinunuliwa na Mfalme Farouk wa Misri, bwana mmoja aliyekuwa anakusanya kila kitu. Kutoa dhahabu nje ya Marekani ulihitaji kibali cha Wizara ya Fedha, watu wake wakapeleka maombi, na tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka 1944 kibali kikatoka kimegongwa muhuri. Kibali chenyewe kilitaka sarafu iwe ilishatambulika kuwa adimu kabla ya amri ya Roosevelt, kitu ambacho hakiwezekani kwa sarafu iliyokuwa na umri wa wiki tatu siku amri inatoka, lakini ofisa akasaini. Wiki chache baadae ndio wakagundua ujinga wao, sarafu iko Cairo, vita vya dunia vinaendelea, nani atamgombeza mfalme kwa ajili ya dola 20? Farouk akapinduliwa 1952, mali zake zikapigwa mnada 1954, Marekani ikaomba ile sarafu itolewe, ikatolewa mnadani, alafu ikapotea kama sindano kwenye mchanga.

Miaka 42 baadae, 1996, dalali wa Kiingereza Stephen Fenton akaenda nayo New York akidhani amepata mteja, hoteli ya Waldorf-Astoria, kumbe mteja ni Secret Service. Akakamatwa pale pale. Kesi ya jinai ikafutwa, ikabaki ya mali, wakavutana miaka mitano. Silaha ya mawakili wake ilikuwa ile karatasi ya 1944: nyie wenyewe mliona hii sarafu, mkaikagua, mkaandika kwamba inaruhusiwa kutoka, leo mnasema ya wizi? Serikali ikaona hapa tunaweza kupigwa, wakapatana mwezi wa 1 mwaka 2001, iuzwe wagawane nusu kwa nusu. (Wakati wa kesi ilikuwa inahifadhiwa kwenye jengo la World Trade Center, ikahamishiwa Fort Knox, ghala la dhahabu la serikali, mwezi wa 7 mwaka 2001. Hesabu mwenyewe ulibaki muda gani kabla ya jengo kuangushwa tarehe 11 mwezi wa 9.) Tarehe 30 mwezi wa 7, 2002 ikauzwa dola 7,590,020. Hizo 20 za mwishoni si makosa ya uchapaji. Mnunuzi alitakiwa ailipe serikali dola 20, thamani iliyoandikwa, ili sarafu ihesabiwe kwamba sasa imetolewa rasmi. Yaani walirudi kwenye lile dirisha la keshia miaka 69 baadae wakamalizia muamala. Hiyo ndiyo iliyouzwa tena 2021 kwa hiyo milioni 18.9 uliyoisoma.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kwanini hii ndiyo na zile hapana, jibu ni karatasi mbili: kibali cha makosa cha 1944 na makubaliano ya 2001. Dhahabu haina habari.

Twende kwa familia. Switt alifariki 1990, na 2003 binti yake na watoto wake wakasema wamekuta sarafu kumi za 1933 kwenye sanduku la kuhifadhia mali. 2004 wakazipeleka wenyewe kwa serikali zihakikiwe kama ni za kweli. Serikali ikahakiki, ikasema ni za kweli kabisa, na ni zetu, ahsanteni kwa kuturudishia. Hapo ndio watu wengi wanapandwa na hasira, na mimi siwalaumu. Familia ikashtaki 2006.

Kesi hii ilikwenda juu na chini kama pembea. 2009 jaji akasema serikali imevunja katiba kuzikalia bila kwenda mahakamani, haya nendeni mthibitishe kwamba ziliibwa. 2011 ikasikilizwa mbele ya juri, wale raia wa kawaida wanaoitwa kuamua. Utetezi wa familia haukuwa wa kijinga hata kidogo. Walisema kulikuwa na mwanya, kuanzia katikati ya mwezi wa 3 sarafu za kwanza zilipofika kwa keshia mpaka tarehe 5 mwezi wa 4, ambapo mtu angeweza kuja na dhahabu yake au sarafu ya zamani akabadilishiwa akapewa mpya ya 1933 bila mtu kuona ni kosa. Keshia hakuwa anaandika kila sarafu inayotoka ina tarehe gani, dhahabu kwake ilikuwa dhahabu. Serikali ikamwaga vitabu vyake vyote mezani, madaftari ya kila siku, hesabu za stoo, hesabu za kuyeyusha, na ikauliza kitu kimoja tu: kama raia wa kawaida wangeweza kuzipata dirishani, kwanini zote zilizowahi kuonekana zinaishia kwa sonara mmoja? Hilo ndilo lililowamaliza, kwa maoni yangu. Hukuhitaji kumjua mwizi kwa jina. Juri ikasema kumi zote ziliibwa.

Haikuisha. 2015 majaji watatu wa rufaa, wawili kwa mmoja, wakairudishia familia, si kwa sababu hazikuibwa, bali kwa sababu serikali ilichelewa: sheria ya kutaifisha mali ya mwaka 2000 inaipa siku 90 tu kufungua kesi baada ya mtu kudai mali yake, na serikali ilizichezea. Watu wakashangilia. Mwaka mmoja baadae, mwezi wa 8 mwaka 2016, mahakama ile ile ikakaa majaji wote, tisa kwa watatu, wakageuza: ile ya siku 90 ni kwa mali ya mtu inayotaifishwa, hapa serikali haikutaifisha, ilishika kilicho chake. 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mwisho wa safari.

Maoni yangu? Juu ya umiliki nadhani juri ilipatia. Juu ya namna, serikali ilifanya ubabe. Mtu anakuletea kitu kwa hiari yake ukague, wewe unakigeuza mtego. Na kosa la familia, kama tunaweza kuita kosa, ni kuzipeleka kwanza alafu kubishana baadae, wangeweza kwenda mahakamani kuomba tamko la umiliki sarafu zikiwa bado sandukuni. Pengine wangeshindwa vile vile, ila wangekuwa wanajadiliana kama Fenton na si kuomba kurudishiwa.

Sasa hili la miaka 70. Hapana, kukaa na kitu hakukifanyi kuwa chako, si kirahisi hivyo. Kwa raia na raia kuna ukomo wa muda wa kudai, lakini saa inaanza kuhesabu lini inategemea sheria ya mahali, New York kwa mfano inaanza mwenye mali akikudai na wewe ukakataa, si siku ulipoinunua. Kwa hiyo kitu kikikaa kabatini miaka 50 hakuna aliyekiona, saa haijaanza hata kugonga. Na dhidi ya serikali hiyo saa kwa kawaida haipo kabisa kwenye mali yake.

Ila usidhani muda unawasaidia serikali tu, kuna wakati unamrudishia mwenye haki. 2007 watu walikuwa wanachimba bustani ya nyumba mtaa wa Hackney, London, wakakuta sarafu 80 za dhahabu za Kimarekani, dola 20 hizi hizi, za miaka ya 1854 mpaka 1913. Kwa sheria ya Waingereza ingekuwa hazina ya taifa na makumbusho wangezichukua. Lakini wakachimba historia ya ile nyumba: 1940 waliishi hapo familia ya Kiyahudi iliyokimbia Ujerumani, ya bwana Martin Sulzbacher, wakafukia dhahabu yao wakiogopa Wajerumani watavamia, alafu bomu likaangukia nyumba likaua jamaa zake wakati yeye mwenyewe yuko kizuizini kama mgeni wa nchi adui. Mtoto wake akapatikana hai, 2011 mahakama ikasema hizi si hazina, zina mwenyewe. Miaka 70, ile ile uliyoisema wewe, na hazikuwa za aliyezikuta. Kilichomsaidia? Ushahidi kwamba mwaka 1952 zilishapatikana nyingine 82 bustani hiyo hiyo na akarudishiwa baba yake. Karatasi tena.

Na kule California 2013 wanandoa walikuta makopo yamefukiwa kwenye ardhi yao, sarafu za dhahabu 1,427. Mtandaoni wakapiga kelele ati ni zile dola 30,000 zilizoibwa kiwanda cha San Francisco 1901. Serikali ikasema haina chochote kinachozihusisha, na ukiangalia sarafu zenyewe, mpya kuliko zote ni ya 1894, wakati ule wizi ulikuwa wa 1901. Wakabaki nazo, wakauza. Unaona, si kweli kwamba serikali inabeba kila dhahabu inayoonekana. Inabeba pale vitabu vyake vinaposema sarafu haikutoka.

Haya, ya kwako ya dola 10. Mwaka 1933 ziligongwa 312,500 na nyingi sana zikayeyushwa, zimebaki chache mno. Lakini vitabu vya keshia vinaonyesha kuna zilizotolewa kihalali mwanzoni mwa mwaka huo kabla dhahabu haijafungwa. Zilipita dirishani, kwa hiyo ni pesa, kwa hiyo anayeishika kihalali ni yake, na zimekuwa zikiuzwa minadani waziwazi bila mtu kuguswa, na kumiliki dhahabu kwenyewe kuliruhusiwa tena Marekani toka mwisho wa 1974. Kwa upande wa serikali lala usingizi.

Unachotakiwa kumuuliza huyo jamaa ni mlolongo: aliinunua kwa nani, huyo alinunua kwa nani, iko kwenye orodha ya mnada gani, na imekaguliwa na kampuni gani ya ukaguzi wa sarafu, namba ya cheti uiingize mwenyewe kwenye kumbukumbu zao na picha ulinganishe, usiridhike na picha anayokutumia yeye. Akianza kusema aliirithi na karatasi ziliungua, ondoka. Hukuniandikia anataka shilingi ngapi, ila jua kwamba ya kweli inakwenda mamia ya maelfu ya dola. Kama anakupa kwa elfu tatu, wala usihangaike na habari za umiliki, hiyo serikali haitaidai.